Dada wa Safari anajibu: Nimeambiwa niende opera, si nitajiaibisha?

Haya jamani, sanduku limejaa na safari hii mmenichekesha kweli. Miaka yote mnaniuliza viza, mnaniuliza begi la kilo 23, mnaniuliza namna ya kumkatalia shangazi anayetaka umbebee mwanae wa London dagaa wa kukaanga ndoo nzima, na mimi nawajibu. Sasa mwezi huu nafungua barua ya kwanza opera, ya pili opera, nikasema labda ni mtu mmoja kaandika mara mbili, kumbe hapana, zimefika tano. Basi leo ni opera tu, yani ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa huku okestra inapiga, wa viza mnisubiri.

Shikamoo dada. Mi ni mtumishi wa serikali, nipo Dodoma. Mwezi wa tano natumwa Vienna kwenye mafunzo ya wiki mbili. Mwenzangu wa ofisini aliyewahi kwenda ananiambia usirudi bila kuingia opera, ila nimeangalia bei ya tiketi mtandaoni nikazima simu. Euro mia mbili na ushee kwa kiti kimoja! Halafu sina suti ya maana, wala sijui hao watu wanaimba nini. Niende au nitajiaibisha? (Mtumishi, Dodoma)

Marahaba mdogo wangu. Nenda. Hiyo bei uliyoiona ni ya kiti, na nani kakuambia lazima ukae?

Iko hivi. Ile opera ya taifa pale Vienna, wenyewe wanaiita Wiener Staatsoper, ina viti kama 1,700 hivi, lakini ina pia nafasi za kusimama, tena mamia, wanaziita Stehplatz, na tiketi zake zinauzwa siku hiyohiyo ya onyesho kwa bei isiyofika euro 20. Saa ya kuanza kuuza imeandikwa kwenye tovuti ya opera yenyewe, we weka kengele kwenye simu usichelewe. Yani unatoa pesa ya chakula cha mchana unasikia sauti ileile anayosikia mwenye mia mbili na ushee. Na ukipata sehemu ya chini, Parterre, unasimama katikati kabisa nyuma ya viti vya wakubwa, jukwaa lote unalo. Za juu, Galerie, ni kama unachungulia kisima, utaona zaidi vichwa vya watu, ila sauti inapanda mpaka huko bila shida na wapo wazee wa mji huo wanaozipenda hizo za juu kuliko zote.

Mi mara ya kwanza nilienda peke yangu na nilikuwa natetemeka kama naenda kwenye intavyuu. Mbele ya kila nafasi kuna chuma cha kuegemea, na wenyeji wana mila yao: ukishaingia unafunga skafu kwenye kile chuma, basi hapo pako, nenda chooni, nenda kanywe maji, ukirudi hakuna aliyegusa. Skafu sikuwa nayo, nilikuwa na kanga kwenye mkoba (si unajua sisi hatutembei bila kanga), nikafunga kanga. Pembeni yangu alisimama bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, ana kijitabu na kidarubini chake kidogo cha kuchungulia, akaishika ile pindo taratibu akaniuliza pale pameandikwa nini. Kanga yenyewe ilikuwa WEMA HAUOZI. Nilihangaika kumtafsiria, mara nyama, mara matunda, mara friji, mpaka taa zikazimwa hatujaelewana vizuri, lakini baada ya hapo kila mapumziko ananigawia pipi.

Sasa suti. Pale Vienna shati safi, suruali ya kitambaa na kiatu cha kufunika basi, koti ukiwa nalo ni nyongeza. Utakutana na wenye magauni ya kuburuza na wenye sweta, wote wamo. Kaptura na ndala ndio usithubutu. Koti zito na begi la mgongoni unaviacha kwenye chumba cha kutunzia, Garderobe, hawakuachii uingie navyo, kwaiyo usibebe laptop ya ofisi ukaanza kugombana na mtu mlangoni. Mi naomba tuongelee viatu. Unasimama saa mbili, tatu. Vile viatu vipya ulivyonunulia safari viache hotelini, vaa vilivyokuzoea. Na ule kabla! Maonyesho mengi yanaanza kama saa moja jioni, ukitoka mafunzoni moja kwa moja bila kula utasikia tumbo lako kuliko violini. Nyuma ya jengo kuna kibanda cha soseji, wanasimama hapo wenye magauni na wenye overoli pamoja, ila kama huli nguruwe uliza kwanza maana nyingi ni hiyo.

Usichelewe pia. Mlango ukifungwa umefungwa, hawajali umetoka Dodoma, utaangalia kwenye televisheni ya ukumbini mpaka mapumziko.

Lakini haya yote mbona ni madogo. Nyie wote mnaniuliza nguo na hakuna hata mmoja anayeniuliza hadithi, na kinachomharibia mtu usiku wake ni kuingia hajui hadithi. Hawa watu wanaimba Kiitaliano au Kijerumani, na hata Mwitaliano mwenyewe hasikii kila neno, maana mtu akipandisha sauti kule juu konsonanti zote zinapotea. Hapo Vienna mbele ya kila nafasi, hata za kusimama, kuna kiskrini kidogo kinachokupa maneno kwa lugha kadhaa, Kiingereza kimo (Kiswahili bado, tunasubiri). Sasa ukiingia hujui kitu utakuwa unasoma kiskrini saa tatu, umeinamisha shingo kama uko kwenye daladala unachati, unatoka hujaona mtu. Soma hadithi siku moja kabla, dakika kumi tu, ili ukifika uangalie watu.

Na chagua ya kuanzia. Kama wiki zako kuna La bohème ya mtunzi Puccini ingia hiyo bila kuuliza. Vijana wanne hawana hela, wanaishi chumba cha juu Paris, baridi inawaua mpaka mmoja, mshairi, anachoma karatasi alizoandikia tamthilia yake wapate kuota moto. Jirani yao Mimì anagonga mlango anaomba moto wa mshumaa wake uliozimika. Anaangusha ufunguo, wanautafuta gizani yeye na yule mshairi, mikono inagusana, wake wa baridi kama barafu, na hapo kijana anaanza kuimba. Ndio mwanzo wa mapenzi yao. Ila binti anakohoa. Kifua kikuu. Mwisho unaujua, na kuujua hakukusaidii chochote, utalia tu. Onyesho lao hilo pale Vienna lilitengenezwa na mwongozaji Franco Zeffirelli mwaka 1963 na wameling'ang'ania, mapambo ni ya kizamani hasa, theluji inadondoka jukwaani, kwa mgeni ni zuri sana. Opera ya Tosca nayo ni hivyo, onyesho lao ni la tangu 1958. Ukikuta jina la Wagner, mtunzi wa opera ndefu, na onyesho limeandikwa linaanza saa kumi na moja jioni, mdogo wangu, hiyo ni ya siku nyingine, mtu aliyesimama hamalizi.

Na kama hata hizo euro zimekata, mwezi wa tano wanaweka skrini kubwa nje ya jengo wanarusha onyesho moja kwa moja, viti vipo, bure. Watu wanakuja na mikate yao. Ingia ndani lakini hata mara moja.

Ukiwa unasubiri kuingia liangalie jengo. Lilifunguliwa mwaka 1869, na waliolichora, wawili, hawakuliona likifunguliwa. Watu wa mji walilisema vibaya hilo jengo, mmoja akajiua, mwenzake akafa kwa maradhi miezi michache baadaye. Machi 1945 likapigwa mabomu, likajengwa tena likafunguliwa 1955. Leo kila mgeni anapiga nalo picha.

Dada habari. Mimi yamenikuta Vienna hiyohiyo. Nje ya opera nilifuatwa na kijana kavaa koti jekundu na wigi jeupe kama jaji, mchangamfu kweli, akaniuzia tiketi euro hamsini na kitu. Nikajua ni opera. Jioni nikapelekwa ukumbi mwingine kabisa mdogo, wakapiga muziki saa moja na nusu, wakaimba nyimbo mbili tatu, basi. Nimeibiwa? (Mama Wawili, Kigamboni)

Pole mama. Hujaibiwa, umeuziwa kitu kingine. Wale wenye mawigi wamevalishwa kama Mozart, mtunzi wa zamani wa muziki, na kazi yao ni kuuza konseti za watalii, konseti zipo kweli na wapigaji wengine wazuri tu, ila haiko ndani ya lile jengo unaloliona nyuma yake, na yeye hana haraka ya kukueleza hilo. Dawa yake ni ndogo, tiketi ya opera nunua kwenye tovuti ya opera au dirishani kwao. Mtu akikufuata barabarani na wigi mwambie danke, yani asante, endelea na safari. Usijisikie mjinga, mi mwenyewe nilishamsikiliza mmoja robo saa nzima kwa sababu alinisalimia jambo.

Asalaam aleikum dada. Naenda Muscat kumtembelea shangazi yangu, amehamia huko miaka mingi. Anasema atanipeleka Royal Opera House. Mama yangu huku Unguja kacheka, anasema Oman na opera wapi na wapi. Nivae kanzu? Na kuna adabu gani ya huko nisije nikamtia shangazi aibu? (Kijana wa Ng'ambo, Unguja)

Waaleikum salaam. Mwambie mama acheke baadaye. Sultan Qaboos, aliyekuwa mtawala wa Oman, alikuwa mpenzi wa muziki huo hasa, Oman ilishaanza kuwa na okestra ya kifalme tangu 1985, na hiyo nyumba ya opera iliyopo Shati al-Qurum ilifunguliwa Oktoba 2011. Marumaru nyeupe, mbao zilizochongwa, bustani, ukifika jioni taa zimewashwa utajua kwa nini shangazi anataka akupeleke. Viti ni kama 1,100 kwaiyo si kubwa kama za Ulaya, na kila kiti kina kiskrini mgongoni mwa kiti cha mbele, Kiarabu na Kiingereza. Na mapumziko yakifika usishangae kusikia Kiswahili ukumbini, nusu ya akina shangazi zako wapo pale na wamekuja na habari za Malindi na Mkunazini.

Mavazi Muscat si mchezo kama Vienna, pale wanarudisha mtu. Jinzi, fulana, raba, hapana. Wanaume wa Kiomani wanaingia na dishdasha na kofia yao au kilemba, wageni suti. Kanzu yako nyeupe iliyopigwa pasi na kofia nzuri ya mkono inafanana nao kwa nasaba, lakini mi nisingebahatisha, ningemwambia shangazi apige simu aulize, au ningebeba koti na suruali kabisa. Akina mama nguo ndefu za heshima, baibui ndio limemaliza.

Adabu sasa, na wewe Mzanzibari nakuonya kwa sababu nakujua. Sisi tumekulia kwenye taarabu. Mwimbaji akiimba beti imekugusa unainuka, unacheza mpaka mbele, unamtuza noti, unarudi na mkono juu, na asiyetuza anaonekana hana shughuli. Opera HAKUNA kutuza. Hata akuimbie wewe unaona kabisa anakutazama wewe, kaa. Pesa yake kashalipwa. Kuitikia nyimbo nako hakuna, na shangazi akitaka kukueleza nani ni nani akuambie wakati wa mapumziko, pale kunong'ona kunasikika safu tano.

Walifungua na Turandot, ya Puccini huyohuyo, na kama mkibahatika kuikuta tena basi Mswahili ndio hadithi yake kabisa. Binti mfalme wa China hataki kuolewa, kila anayemposa anategewa vitendawili vitatu, ukishindwa hata kimoja unakatwa kichwa. Anakuja mgeni mmoja asiyejulikana jina, anasema nitege. Cha kwanza kinakwenda hivi: kila usiku huzaliwa, kila kukipambazuka hufa. Umepata? Tumaini. Hapo ukumbi mzima unangoja jibu na wewe unajikuta umeshika mkono wa kiti, umesahau kama ni Kiitaliano. Vingine viwili sikwambii.

Aunt, mwaka jana nilienda opera Ujerumani na mume wangu, mimi nililala. Nililala kweli, akanifinya. Halafu nikaamka watu wanapiga makofi na mimi nikapiga, kumbe wamenyamaza nikabaki peke yangu. Tangu siku hiyo ananicheka. Mshenzi ni mimi? (Mke wa Mtu, Nairobi)

Hahaha, hapana mpenzi. Kulala wanalala wengi, wenye suti zao na tiketi za mwaka mzima. Giza, kiti laini, umetoka kazini, mtu anakuimbia polepole, hiyo si dawa ya usingizi ni nini? Kosa ni kukoroma tu. Kwaiyo mume alivyokufinya nadhani tunajua sababu.

Makofi usijali, ni rahisi: mwimbaji akimaliza wimbo wake mrefu wa peke yake na muziki ukasimama, hapo wanapiga. Usiwe wa kwanza, ngoja uwasikie wenye nyumba yao. Ukitaka kuongeza mbwembwe mwanaume unamwambia bravo, mwanamke brava, wakiwa wengi bravi. Mwisho wa yote piga mpaka mikono iume, hakuna atakayekucheka. Vienna hiyohiyo mwaka 1991 mwimbaji Plácido Domingo aliimba opera ya Otello wakampigia makofi dakika 80. Themanini! Mechi nzima ukitoa dakika kumi. Wale wa kusimama sijui miguu yao ilikuwaje.

Na wanazomea pia, usidhani ni watu wa adabu tu. Nyumba ya opera ya La Scala, Milano, desemba 2006, mwimbaji Roberto Alagna kamaliza wimbo wake wa mwanzo kwenye opera ya Aida, kule juu wakamzomea, akapunga mkono akatoka jukwaani, hakurudi. Muziki haukusimama! Ikabidi wamsukume mwimbaji wa akiba jukwaani na nguo zake alizokuja nazo, mtu yuko Misri ya mafarao amevaa suruali ya mjini. Kwaiyo makofi yako mawili ya peke yako, dada yangu, hata hayahesabiki. Mwambie mume asome hii.

Dada, hizi opera zote ni za mbali na viza za Ulaya unazijua mwenyewe zilivyo. Afrika hakuna? (Msomaji, Kampala)

Ipo, tena ya siku nyingi, Cairo. Mtawala wa Misri wa wakati ule, Khedive Ismail, alifungua nyumba ya opera novemba 1869, miezi michache tu baada ya hao wa Vienna, akaagiza kwa Verdi, mtunzi wa Kiitaliano, opera ya Misri yenyewe, ndio Aida. Ilikuwa ianze mapema zaidi, ila mapambo na nguo zilikuwa zinashonwa Paris, na Paris ikazingirwa na majeshi ya Wajerumani vikakwama huko, ikabidi Cairo wasubiri mpaka usiku wa tarehe 24 Desemba 1871. Verdi mwenyewe hakwenda hata. Na Aida ni nani? Binti mfalme wa Ethiopia, mtumwa Misri, anampenda jemadari anayekwenda kuwapiga ndugu zake. Yani hadithi ya huku kwetu tunaimbiwa na Waitaliano, na miaka mingi waliiimba wamejipaka rangi nyeusi, halafu wakaja akina Leontyne Price, Mmarekani mweusi aliyeimba Aida hapo Vienna mwaka 1958 bila kuhitaji kupakwa chochote.

(Na miaka hiyohiyo ya 1870, wazee wa Zanzibar wanasimulia, Sultan Barghash naye alikuwa anatazama Cairo, akamtuma kijana wake huko akajifunze kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi. Huyu karudi na taarabu. Kila mtu kachukua chake.)

Nyumba ile ya zamani ilikuwa ya mbao, ikaungua yote oktoba 1971, pale ilipokuwa sasa ni maegesho ya magari. Ya sasa iko Gezira, katikati ya mto Nile, ilijengwa kwa msaada wa Japani ikafunguliwa 1988. Ukipata nafasi ukiwa safarini, hata ni transiti ya siku mbili, angalia ratiba yao, wanachanganya opera, bale na muziki wa Kiarabu, na bei ukilinganisha na Ulaya utacheka. Ila ukumbi mkubwa mwanaume bila koti na tai haingii, na tai ndio watu wanasahau. Mi nilishamwona mzee mzima mwenye suti ya maana kabisa anahangaika getini anaulizia nani ana tai ya kumwazima, dakika tano kabla pazia halijafunguliwa. Weka mfukoni.